Vepu ya Baba

Mara ya tatu nilipoingia dukani kutazama tu, yule dada muuzaji hakunikaribisha tena. Alichukua ufunguo, akafungua kabati la kioo, akaitoa ile vepu ya chuma na kuiweka juu ya kaunta, kisha akarudi kwenye simu yake. Nilimwelewa. Mteja anayekuja kutazama kitu kilekile kila akitoka sokoni, anakishika, anauliza bei ambayo anaijua, halafu anaondoka na nyanya zake, hata mimi ningemchoka.

Duka lenyewe ni la vifaa vya simu, hapa mjini Songea: kava, chaja, spika ndogo zinazowaka taa za rangi rangi. Vepu, zile sigara za umeme, zilikaa pembeni pamoja na saa na manukato. Zilikuwa za aina mbili. Kulikuwa na zile za plastiki, nyepesi, zenye rangi za pipi, ambazo mtu anavuta mpaka ziishe halafu anatupa. Na kulikuwa na hii ya chuma, nyeusi, nzito mkononi, inayochajiwa kama simu, ambayo unaijaza maji yake mwenyewe na kuibadilishia koili, ule waya wa kupasha maji hayo, ikiungua. Ile ya plastiki bei yake ni kuku mmoja wa kienyeji. Hii ya chuma ilikuwa kodi ya chumba changu cha kushonea kwa miezi miwili, na maji yake unayanunua kando.

"Hii haivuji, mama, haiunguzi mdomo, na ukiichaji asubuhi unafika nayo jioni," alisema yule dada bila kuinua macho. "Zile za rangi ni za watoto wa chuo. Hii ni ya mtu mzima."

Mtu mzima mwenyewe alikuwa nyumbani kwangu Lizaboni, ameketi nyuma ya choo juu ya ndoo iliyopinduliwa, anavuta msokoto wa tumbaku uliofungwa kwa gazeti.

Ni baba yangu. Alikuja kwangu kutoka kijijini, upande wa Namtumbo, mavuno yalipokwisha. Alikuwa amekonda, na kikohozi chake kilikuwa kinamlazimisha kushika ukuta. Hospitalini wakampiga picha ya kifua. Daktari, kijana mpole aliyempa baba shikamoo kabla ya kumweleza lolote, aliniita pembeni akaniambia mapafu yamechoka. Dawa zipo, alisema, lakini kama mzee haachi tumbaku, dawa hizo ni kazi bure. Baba alipoelezwa na yeye alitikisa kichwa kwa heshima zote, akashukuru, akavaa kofia. Tulipoketi kwenye bajaji ndipo akasema, "Yule mtoto anaongea vizuri. Lakini tumbaku siachi, mama. Ukinibana sana narudi kwangu."

Kwake ni nyumba ambayo tangu mama afariki haina mtu. Jirani wa karibu ni mzee mwenzake asiyesikia. Baba akizidiwa kule, hadi apatikane wa kumbeba mpaka barabarani, mambo yameshakwisha. Kwa hiyo nilikuwa nataka vitu viwili tu: baba aishi, na aishi kwangu. Nikivuta kimoja, cha pili kinachomoka. Nikimkataza tumbaku, anaondoka. Nikimwachia, anabaki na kikohozi kinammaliza mbele ya macho yangu. Nilikuwa situlii hata nikiwa nimekaa.

Lazima niseme jambo moja kuhusu baba na tumbaku, la sivyo ataonekana mlevi tu. Maisha yake yote alilima tumbaku ya moshi, ile inayotundikwa kwenye bani, kibanda cha kukaushia, na kuwashiwa moto wa magogo chini yake mpaka jani liwe na rangi ya ngozi ya kiatu. Sisi watoto tulikua ndani ya moshi huo. Nguo za shule zilinuka moshi, uji ulinuka moshi, na mama alikuwa akitania kwamba hata sisi tulivunwa na kutundikwa. Tumbaku ndiyo iliyonisomesha. Tumbaku ndiyo iliyoninunulia cherehani yangu ya kwanza. Sasa naanzaje kumwambia mzee kwamba kitu hicho ni sumu, nikiwa nimekalia kiti kilichonunuliwa nacho?

Nilianza kwa kumnusa. Sijui neno jingine. Akienda kuoga, nanusa koti lake. Nikimpelekea chakula, ninainama kuweka sahani karibu na mdomo wake kuliko inavyohitajika, navuta hewa. Nikichukua kofia yake kuitundika, naipitisha puani kwanza. Nina pua ya kazi, maana ninashona sare za shule na za kwaya, na harufu kwenye kitambaa haijifichi. Mwanakwaya mmoja alinirudishia gauni lake akisema linanuka kama ametoka kuchoma mkaa. Nililifua upya, nikamwomba radhi, nikaenda kumwangalia baba nyuma ya choo kwa macho ya kumchoma.

Siku moja nilikuta majani yake chini ya godoro, yamefungwa kwenye mfuko wa sukari. Niliyamwaga chooni yote. Baba hakunigombeza. Alikula ugali wake na dagaa, akanawa, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa magari ya Namtumbo siku hizi yanaondoka saa ngapi. Mchana uleule nilikwenda mjini na kununua ile vepu ya bei ya kuku.

Alipoiona aliigeuza geuza. Nikamweleza kwamba hii haina moto, haina majivu, inatoa mvuke tu, na mtu anaweza kuvuta hata sebuleni.

"Mvuke?" akasema. "Sisi ni watu wa tumbaku ya moshi. Tumbaku ya mvuke ni ya watu wa Tabora, wanaokausha kwa joto tupu." Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata, nami nikamshika mgongo huku nikicheka na kuogopa kwa pamoja.

Akavuta. Sebule ikajaa harufu ya embe, lakini embe ambalo halijapata kuota juu ya mti wowote. "Hii ni pipi," akasema. Lakini alivuta tena, na tena, na jioni ile hakutoka nje. Nililala usingizi wa maana.

Haikufika wiki ikaisha. Nikanunua nyingine, ikavuja kwenye mfuko wa koti. Nikanunua ya tatu, ikaanza kutoa ladha ya waya ulioungua. Kila moja ni kuku. Nikaanza kuona kwamba tukiendelea hivi, kuku wataipita ile ya chuma, na tutakuwa tumebaki na rundo la plastiki. Hapo ndipo nilipokwenda kuiangalia kwa mara ya kwanza. Nikaishika, nikaona uzito wake, nikaogopa bei, nikatoka. Nikajiambia nimalize kwanza sare za kwaya, nilipwe, halafu nitafikiri.

Sikupata nafasi ya kufikiri. Jumapili iliyofuata kulikuwa na baridi ile ya Juni ya hapa kwetu, ya kukatisha tamaa, baba akasema hataweza misa ya kwanza. Nikaenda peke yangu. Niliporudi nilimkuta amekaa chini, mgongo kwenye ukuta wa jiko, koti limelowa jasho. Midomo ilikuwa imepauka. Alikuwa ametapika pembeni, na mikono yake ilitetemeka kiasi kwamba hakuweza kushika kikombe.

"Nimelewa, mama," akaniambia. "Kama kule shambani."

Niliijua hali ile papo hapo, kabla sijaelewa imetoka wapi. Mtu aliyekulia kwenye tumbaku anaijua. Ukichuma majani yakiwa na umande, maji yake yanapita kwenye ngozi, na kabla jua halijapanda unaona mistari ya shamba inazunguka. Tulikuwa tunalala katikati ya matuta tukitapika, mama akitunywesha uji wenye sukari. Lakini hapa Lizaboni hakuna shamba. Nikaangalia huku na huku, nikaona sufuria yangu ndogo juu ya jiko la mkaa, ndani yake rojo la kahawia, na kando yake chupa ya glisirini iliyokwisha.

Nikaunganisha mambo. Baba alikuwa amechukua mkasi wangu wa nyuzi, akaipasua ile vepu ya plastiki iliyokwisha, akakuta ndani pamba iliyolowa. Akainusa. Pua yake ikamwambia glisirini, ile ile ambayo mama alikuwa akijipaka kwenye nyufa za visigino kila baridi ikiingia, na ambayo haikosekani kwenye nyumba ya Songea mwezi kama huu. Basi akaona hakuna siri. Ni glisirini na tumbaku. Tumbaku alikuwa nayo, maana aliagiza nyingine kwa kondakta wa gari la Namtumbo bila mimi kujua, na kama kawaida yake alikuwa ameletewa jani la juu, jani zuri, jani kali kuliko yote. Akalikata kata, akalichemsha na glisirini yangu, akalichuja kwa kipande cha bitana nilichokuwa nimekitenga kwa gauni la mtu, akalowesha pamba, akafunga kwa gundi ya karatasi, akavuta.

Mtu wa mjini angeitupa ile plastiki na kwenda dukani. Ni mkulima tu ambaye angekaa akaona ni aibu kununua maji ya tumbaku yaliyotoka ng'ambo wakati jani lenyewe liko chini ya godoro lake.

Bajaji ilikuja haraka, namshukuru Mungu. Hospitalini tulimkuta daktari yuleyule. Aliuliza mzee amekunywa nini. Baba, akiwa amelala na dripu mkononi, ndiye aliyemweleza, taratibu, kama anavyoelezwa mgeni aliyetembelea shamba.

"Jani lilikuwa zuri," akamalizia. "Nilikosea kipimo tu."

"Kipimo, babu?" daktari akasema.

Nilitoka nje. Nilicheka mpaka walinzi wakaniangalia, kisha nikalia hapohapo, nimeshika pochi yangu ya kanisani na bahasha ya sadaka ya jirani niliyosahau kuitoa. Niliona wazi kabisa jinsi nilivyokuwa karibu kumpoteza, tena ndani ya nyumba yangu, kwa glisirini yangu.

Baba alipolala nilimuuliza daktari kuhusu ile ya chuma. Nilimweleza kila kitu, haivuji, haiungui, maji yake yamepimwa kiwandani. Alinisikiliza akifuta miwani yake kwa koti.

"Mama, mimi siwezi kukuambia kanunue," akasema. "Nikiulizwa, nitasema aache vyote, na hicho pia. Mapafu yake hayahitaji mvuke wala moshi." Akamwangalia baba. "Ila asitengeneze tena mwenyewe. Naomba hilo."

Hiyo haikuwa ruhusa. Mimi niliibeba kama ruhusa.

Hata hivyo sikununua siku ile, wala iliyofuata. Wiki nzima nilizunguka. Nilikuwa nakanyaga cherehani, nainuka, naenda kuchungulia baba anafanya nini, narudi, nasahau nilikuwa nashona upande gani. Nilishona mkono wa shati la mwanafunzi juu chini, nikaufumua, nikaurudia vilevile. Nikipita mjini, miguu inanipeleka kwenye kabati la kioo. Nilimpigia simu mume wangu aliyekuwa Nalasi akipulizia mikorosho yetu dawa. Kelele za mashine ya kupulizia zilikuwa nyuma yake, akapiga kelele, "Mnunulie!" Kabla sijakata simu akasema, "Au subiri kwanza, nikirudi tutaongea." Nilikasirika. Yeye angerudi wadudu wakishakwisha, na baba alikuwa anakohoa sasa hivi.

Kulikuwa na mawazo mawili yanapigana, na hayakunipa nafasi. Moja lilisema, hii ni anasa ya vijana wa mjini, unamnunulia mzee wa bani kitu cha kujipigia picha, na ataiacha juu ya meza kesho kutwa. Jingine lilisema, bei ya nini unaiangalia, hujui bei ya jeneza? Niliona vibaya kufikiri hivyo. Nikafikiri hivyo tena.

Basi siku hiyo, mara ya tatu, yule dada akiwa kwenye simu yake, nilimwambia nataka kuijaribu. Akaniangalia kwa mara ya kwanza kama mtu. Akaweka kifuniko kipya cha mdomoni, akanionyesha pa kubonyeza. Nilivuta kwa nguvu zangu zote, kwa sababu nilikuwa natafuta jibu mle ndani. Nusura nife. Nilikohoa mpaka kucha zake ndefu zikanishika bega, akanipa maji.

"Unavuta kama unakunywa uji, mama," akasema. "Taratibu. Unabembeleza."

Nilikaa kwenye kiti chake cha plastiki, machozi yananitoka, koo lina ladha ya tumbaku na sukari. Nikatoa pesa. Zilikuwa za kununulia mota ya cherehani, nilizokuwa naziweka kidogo kidogo ili niache kukanyaga kwa miguu. Mkono uliokuwa unazitoa haukuwa na furaha, lakini ulikuwa wa haraka.

Nyumbani baba alinawa mikono kabla ya kuishika. Akaipima uzito, akaigonga kwa ukucha, akaipeleka dirishani kwenye mwanga. Akafungua kifuniko, akafunga, akasikiliza kinavyolia. "Hii wameitengeneza watu wenye adabu," akasema. Akauliza bei. Nikamtajia bei ya ile ya plastiki. Mtu aliyeuza tumbaku maisha yake yote anaujua uso wa anayedanganya bei. Alinitazama kidogo, akasema, "Haya."

Kama kuna mtu anataka kujua kama kitu kile kilistahili bei yake, wiki zile ningemjibu bila kufikiri. Hakikuvuja. Hakikuunguza. Chaji ilifika jioni kama alivyosema yule dada. Nilinunua maji yenye ladha ya tumbaku, baba akasema yanafanana na tumbaku kama picha ya ugali inavyofanana na ugali, lakini alivuta. Alikuwa anakaa chumba cha kushonea pamoja na mimi, kwenye kiti cha wateja, koti begani. Nikisikia kile kisauti kidogo cha kifaa, mguu wangu unapata mwendo, naye ananisimulia habari za watu wa kijijini, nani kaoa, nani kagombana na nani kwa ajili ya mpaka wa shamba. Nilikuwa sijakaa na baba yangu hivyo tangu niolewe. Ndoo ya nyuma ya choo niliirudisha kazini, nikaanza kufulia.

Lakini sikuacha kunusa. Hapo ndipo penye shida yangu. Nilidhani ile bei ingeninunulia amani, kumbe iliniongezea ulinzi. Nilipotoa pesa ya kuku nilitegemea mambo ya kuku. Nilipotoa pesa ya mota nilitaka matokeo ya mota. Nilinusa koti asubuhi, nikanusa mto akiwa bafuni. Nikikosa kitu, sifurahi, naona nimenusa vibaya, narudia. Siku moja nilipata moshi kidogo kwenye mkono wa koti. Je, ni wa jiko la jirani? Au ni wa takataka alizochoma yule wa upande wa pili? Nilipekua chumba chake chote, nikainua godoro, nikatoa viatu vyake na kuingiza pua ndani. Niligeuka nikamkuta amesimama mlangoni. Nilisema natafuta sindano.

Siku iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, nilitoka barazani nikamkuta amevaa viatu na kofia, begi lake liko miguuni.

"Unakwenda wapi, baba?"

"Nyumbani."

"Kwani kifaa kimeharibika?" Hilo ndilo lililonitoka. Naona aibu mpaka leo kwamba hilo ndilo lililonitoka.

"Hakijaharibika. Ni kizuri sana." Akakitoa mfukoni, akakiweka juu ya ukuta mfupi wa baraza, taratibu. "Hakijanishibisha hata siku moja, mama. Lakini nikikivuta, wewe unakaa chini. Unashona. Basi nikaona nikivute."

Nilisimama pale. Nikakitazama kile kifaa juu ya ukuta.

"Nilikuwa napeleka tumbaku sokoni kila mwaka," akaendelea. "Tunapanga marobota, tunasimama nyuma yake kama watoto wa shule. Anapita mteuzi, anashika jani, ananusa, anasema hii ni ya daraja la chini, anakwenda zake. Ukibisha, hakusikii. Nilinyamaza, maana alikuwa ananusa jani. Wewe unaninusa mimi."

"Nataka uishi," nikasema. Nilisema kwa hasira, kwa sauti ya kumgombeza, jirani akageuka. "Ndiyo yote ninayotaka. Ni kosa?"

"Siyo kosa."

"Basi kaa. Niambie tu kama unavuta au huvuti, nisikunuse tena."

Alifikiri. Alifikiri kweli, nilimwona, siyo kwamba alikuwa na jibu tayari.

"Hilo sikuambii," akasema. "Labda nimeacha. Labda sijaacha. Nikikuambia nimeacha, kesho utanusa uone kama ni kweli. Ukitaka nikae, nitakaa, na nikifa nitafia kwako. Lakini sitaulizwa na sitanuswa. Kama huwezi, gari la saa nane nitaliwahi."

Nilimchukia kwa dakika ile, baba yangu mwenyewe. Nilitaka kumwambia kuhusu mota, kuhusu dripu, kuhusu bei niliyomdanganya. Nilitaka kumwambia kwamba yeye anaomba heshima na mimi ndiye nitakayekaa nje ya wodi. Kisha nikaona mkono wake ulioshika ukuta, mifupa yake, na jinsi alivyokuwa anajitahidi kupumua bila kelele ili nisimsikie. Nikainama, nikachukua begi. Lilikuwa jepesi. Nikaliingiza ndani.

Yule dada wa dukani aliniona sokoni majuzi, akaniuliza mzee anaendeleaje na kile kifaa. Nikamwambia ni kifaa kizuri, hakivuji. Ni kweli. Kipo juu ya redio. Wakati mwingine anakivuta, wakati mwingine kinakaa mpaka chaji inaisha, na mimi sikigusi. Kikohozi kinapungua, kinarudi. Daktari anamsikiliza kifua, ananiangalia, namwambia sijui.

Jana jioni alitoka nje kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa nimekaa kizingitini nikishikiza pindo la gauni kwa mkono, kwa sababu pale kuna mwanga. Alikaa huko muda wa mzee kujisaidia, au muda wa msokoto mmoja. Nilikuwa nimeishika sindano lakini sikuwa nashona. Kisha nikasikia viatu vyake. Akasema pole na kazi, mama, nikasema ahsante, baba, karibu. Kizingiti ni chembamba, ikabidi apite karibu sana, koti lake likanigusa shavu. Nikabana pumzi, nikaishikilia, mpaka nikasikia kitanda chake kinalia ndani.